Trampolini ya Nyumbani: Kabla Hujatoa Hela, Jua Ilikotoka

Leo tunaongelea ile kitu ambayo siku hizi ukiingia mtandaoni huikosi: trampolini. Mtoto wa staa akifanyiwa birthday, ipo. Hoteli ikitangaza siku ya familia, ipo. Dada wa mazoezi akipanda kile kidogo cha sebuleni na muziki unagonga, views zinapanda tu. Matokeo yake wazazi vijana wameanza kuulizana: ninunue ipi? Ya duara au ya mstatili? Yenye springi au isiyo na springi? Futi 8 au futi 14?

Ni maswali mazuri, ila ukiyapeleka dukani utajibiwa na mtu anayetaka kuuza. Ukitaka jibu la kweli, rudi nyuma uone kitu chenyewe kilitoka wapi. Kwa sababu karibu kila kipande cha trampolini unachokiona leo kimewekwa pale baada ya watu kuumia. Neti haikuwekwa kwa urembo. Ile sponji ya rangi pembeni si mapambo. Ukiijua hiyo stori, hakuna wa kukupiga changa la macho. Twende sawa.

KIJANA WA MIAKA 16 NA GEREJI YA WAZAZI

Jamaa aliyeianzisha anaitwa George Nissen, alizaliwa mwaka 1914 Blairstown, mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani. Alikuwa mtu wa mazoezi ya viungo tangu akiwa shule. Alipoenda kutazama sarakasi aliwaona wale wanaoning'inia kwenye bembea za juu. Wakimaliza onyesho wanajiachia, wanatua kwenye wavu wa usalama, wavu unawarusha kidogo, watazamaji wanashangilia.

Wengine waliona mwisho wa onyesho. Nissen aliona mwanzo. Akajiuliza: huu wavu ukiweza kurusha zaidi, si mtu anaweza kuendelea kucheza hewani? Mwaka 1930, akiwa na miaka 16, akaingia kwenye gereji ya wazazi wake na kuanza kuunda fremu ya chuma aliyoivika turubai. Haikurusha sana, lakini wazo lilishasimama.

Akaja kuingia Chuo Kikuu cha Iowa, ambako alikuwa moto kwelikweli: alichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 3 katika mchezo wa kupiga sarakasi za chini. Huko akakutana na kocha Larry Griswold, na mwaka 1934 wawili hao wakatengeneza trampolini ya kwanza tunayoweza kuiita ya kisasa. Turubai iliyotobolewa matundu pembeni, fremu ya chuma, na kati yake kitu cha kuvutika ili turubai irudi juu kwa nguvu. Hiyo ndiyo trampolini yenyewe. Hata ile utakayoiona kwenye duka la vifaa vya michezo kesho, mfumo wake ni uleule.

Jina nalo lina stori. Mwaka 1937 Nissen na marafiki zake wawili walikuwa wanazunguka na onyesho lao, wakafika mpaka Mexico. Kule akasikia neno la Kihispania "trampolín", yaani ubao wa kurukia. Akaongeza herufi "e" mwishoni, akalisajili kama alama ya biashara yake. Baadaye neno lilizoeleka kiasi kwamba kila mtu akawa analitumia kwa kila kifaa cha aina ile. Mwaka 1942 yeye na Griswold wakafungua kampuni Cedar Rapids, na mwaka 1945 akapata hataza ya uvumbuzi wake.

Sasa kumbuka kitu kimoja hapa, tutakihitaji mbele: trampolini ilizaliwa mikononi mwa watu waliofunzwa. Mtu mmoja anaruka, kocha yupo, wenzake wamesimama pembeni kumdaka akikosea. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuja, Marekani iliitumia kuwafundisha marubani, maana ukigeuka hewani unajifunza mwili wako umeelekea wapi. Hata huko jeshini mwalimu alikuwepo.

MASHIMO YA 1960

Nissen alikuwa pia mtu wa kiki, tena kabla neno lenyewe halijazaliwa. Mwaka 1960 alikodi kangaruu, akaenda naye Central Park jijini New York, akapiga naye picha wakiruka pamoja kwenye trampolini. Ingekuwa leo, simu zingepata moto siku hiyohiyo.

Marekani nzima ikaingia homa. Pembezoni mwa barabara yakafunguliwa maeneo ya kurukia: unachimba mashimo ardhini, unatandaza trampolini juu yake zikiwa usawa wa ardhi, watu wanalipa, wanaruka nusu saa, wanasepa. Watoto, wamama, wafanyakazi waliotoka ofisini, wote ndani. Biashara ya mtaji mdogo, wateja kibao.

Ila yule kocha hakuja na trampolini. Waliokuwa wanaruka hawajafunzwa, na aliyewasimamia mara nyingi ni mkata tiketi. Watu wakavunjika, wengine wakaumia shingo, kesi zikaanza, kampuni za bima zikapandisha bei au zikakimbia kabisa. Ndani ya miaka michache mashimo mengi yakafukiwa na homa ikapita.

Somo la kwanza kwa mnunuzi lipo hapo. Leo kuna trampolini za kuchimbia ardhini, zinapendeza sana kwenye picha za majumba ya kishua, na muuzaji atakwambia hazina hatari kwa sababu mtoto haanguki kutoka juu. Ni kweli umbali wa kuanguka unapungua. Lakini wale wa 1960 pia walikuwa usawa wa ardhi. Kilichowaumiza wengi ni namna walivyotua, ama juu ya turubai lenyewe ama kwenye ukingo. Halafu kwa mazingira ya kwetu ongeza hili: shimo bila mfereji wa kutolea maji, masika ikipiga linakuwa bwawa la mbu chini ya kitanda cha kurukia.

MADAKTARI WANAINGIA

Trampolini ikabaki shuleni na kwenye klabu. Mwaka 1964 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika London. Lakini mwaka 1977 chama cha madaktari wa watoto Marekani, American Academy of Pediatrics, kikasimama na kusema ziondolewe kwenye vipindi vya michezo shuleni, kwa sababu ya majeraha ya uti wa mgongo.

Zikapungua shuleni. Zikaenda wapi? Nyumbani. Viwanda vikaanza kutoa zile za duara za bei nafuu, zinakuja kwenye boksi, baba anafunga mwenyewe Jumamosi. Yaani kifaa kilichoonekana hatari mbele ya mwalimu wa michezo kikahamia uani, ambako hakuna mwalimu hata wa dawa. Mwaka 1999 madaktari walewale wakasema trampolini isitumike nyumbani kabisa, na mwaka 2012 wakarudia kuwashauri wazazi waachane nayo kama mchezo wa kujifurahisha.

Wazazi waliendelea kununua, na wataendelea. Kwa hiyo tusimame kwenye kile madaktari walichokikuta mwaka 2012, maana ndicho kitakuokolea mtoto:

Kwanza, takriban asilimia 75 ya majeraha yalitokea wakati zaidi ya mtu mmoja wanaruka pamoja.

Pili, aliye mdogo zaidi kati ya wanaoruka anaweza kuwa kwenye hatari ya kuumia mpaka mara 14 ukimlinganisha na mwenzake mzito.

Tatu, kati ya theluthi moja na nusu ya walioumia, mtu mzima alikuwepo anawaangalia.

Soma tena hiyo ya tatu. Kuwepo kwako na simu mkononi unarekodi video hakumlindi mtoto. Kinachomlinda ni kuamua nani apande na nani asubiri.

Kwa nini mdogo ndiye anaumia? Mzito akitua, turubai linazama na kubeba nguvu zake. Wakati linarudi juu, kadogo ndiyo kanatua. Ni kama kimeangukia kitu kinachokuja kumpiga. Ama anarushwa juu asikokutegemea, ama nguvu yote inaishia kwenye mguu. Madaktari wanaujua vizuri mvunjiko wa mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, kwa watoto wa miaka 2 hadi 5 walioruka na mtu mkubwa. Hakuanguka nje, hakugonga chuma. Alitua tu, baba yake yuko pembeni yake wanacheka wote.

Ndiyo maana madaktari wanasema mtoto chini ya miaka 6 asipande kabisa. Kama wako ana miaka 3, jibu la swali la "ninunue ipi" limeshapatikana: hela hiyo mnunulie baiskeli ya magurudumu matatu.

NETI NA SPRINGI: NANI ANAJIBU TATIZO GANI

Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaanza kuuzwa neti za kuzungushia. Zilikuja kujibu tatizo moja: kuanguka nje, ambako kwenye ripoti ya 2012 kulichangia kati ya asilimia 27 na 39 ya majeraha. Ni tatizo kubwa, na neti ni lazima. Lakini fanya hesabu mwenyewe: majeraha mengine yote yalitokea ndani ya eneo ambalo neti haiwezi kuyazuia. Neti inamzuia mtoto kutoka nje, haimzuii kugongana na binamu yake.

Na neti ziko za aina mbili. Kuna inayofungwa nje ya fremu, ikiziacha springi ndani pamoja na mtoto. Kuna inayofungwa ndani, kati ya turubai na springi. Chukua hiyo ya ndani. Kugonga fremu na springi kulichangia kama asilimia 20 ya majeraha, na ile sponji ya kufunika springi huwa ya kwanza kuchoka ikipigwa na jua.

Tatizo la springi lilipata jibu lake New Zealand. Injinia mmoja wa Chuo Kikuu cha Canterbury, Keith Alexander, alitaka kumnunulia binti yake trampolini, mke wake akagoma, akasema ni hatari. Badala ya kubishana, jamaa akakaa chini kuchora. Akaondoa springi zote, akaweka fimbo ndefu zinazopinda zilizotengenezwa kwa nyuzi za kioo, zimesimama chini ya turubai. Fremu ikabaki chini, mbali na anaporukia mtu. Leo hizo ndizo zinaitwa trampolini zisizo na springi. Ni ghali zaidi, zinarusha kwa ulaini, na pwani zina faida nyingine: fimbo hizo hazili kutu.

DUARA AU MSTATILI?

Hapa ndipo wengi wanachanganywa, na historia inajibu vizuri tu.

Mstatili ndio umbo la Nissen na la mashindano. Springi zake zinarusha kwa nguvu, na kila sehemu ya kitanda inakurudisha juu hapohapo ulipotua. Wanamichezo wa juu wanafika mita 8 hewani. Mwaka 2000 trampolini iliingia Olimpiki kule Sydney, na Nissen mwenyewe, akiwa na miaka 86, alikuwepo kushuhudia. Alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 96. Kwa hiyo mstatili ni kifaa cha mtu anayejifunza jimnastiki na ana kocha. Kama huna hivyo viwili, unalipia nguvu usiyoihitaji.

Duara ndiyo ya nyumbani. Kwa sababu springi zimezunguka pande zote, ukitua pembeni inakusukuma kurudi katikati. Inarusha chini zaidi, na hiyo ndiyo faida yake. Ubaya ni kwamba watoto wakiwa wawili wote wanasukumwa katikati hukohuko, vichwa vinakutana. Tunarudi palepale: mmoja mmoja.

Saizi je? Futi 8 kwa uwanja mdogo, futi 10 au 12 kwa watoto wanaokua, futi 14 kama una nafasi na vijana wakubwa. Kubwa haimaanishi ya watu wengi. Inamaanisha mtu mmoja ana nafasi zaidi ya kukosea. Angalia uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibandiko, na ujue huo ni uzito wa mrukaji. Usiugawanye kwa idadi ya wageni wa birthday.

ILE NDOGO YA SEBULENI

Hii ni ya watu wazima, ya mazoezi, na ndiyo iliyojaa kwenye reels. Utasikia "hata NASA wamesema ni bora kuliko kukimbia." Utafiti upo kweli, ulichapishwa mwaka 1980 na NASA ilihusika. Ila waliopimwa walikuwa vijana wa kiume wanane tu, na kilichopimwa ni jinsi mwili unavyopokea mtikisiko wa kuruka ukilinganisha na kukimbia kwenye mashine. Hakuna aliyepimwa kitambi. Ni zoezi zuri, linahemesha, na mtuo wake ni laini kuliko sakafu. Miujiza tuwaachie wauzaji.

Ukinunua hii, chagua yenye mpini wa kushikia kama ndio unaanza au unamnunulia mama, miguu yenye raba isiyoteleza kwenye vigae, na kaa mbali na meza ya kioo. Zipo za springi na zipo za kamba za mpira. Za kamba hazipigi kelele, jirani wa chini atakushukuru. Na usimpe mtoto mdogo kama bembea, haina neti.

SASA NENDA DUKANI

Ukishajua hayo yote, mambo ya kukagua ni haya:

Uwanja kwanza, duka baadaye. Unahitaji sehemu tambarare na angalau mita 2 wazi kila upande. Juu pasiwe na tawi la mwembe, kamba ya kuanikia wala waya wa umeme. Usiiweke juu ya paving wala zege. Nyasi au mchanga ndiyo mpango.

Chuma. Uliza kama fremu na springi zimepakwa zinki, ndani na nje. Kama unaishi karibu na bahari, chumvi ya hewani itakula chuma cha rangi tupu mapema sana. Ninginiza springi moja mkononi, iangalie kwenye ndoano zake.

Upepo. Neti ni tanga. Upepo mkali ukivuma, trampolini isiyofungwa inaweza kuruka mpaka kwa jirani. Nunua na vigingi vyake vya kuishikilia chini.

Vipuri. Muulize muuzaji kama anauza turubai, springi na neti pekee pekee. Jua letu linachosha nyuzi. Neti ukiivuta na ikachanika kwa kidole, hiyo si neti tena, ni pazia. Kama vipuri hakuna, umenunua kitu cha muda mfupi.

Ngazi. Kama inakuja na ngazi, iwe ya kutoa. Mkimaliza kuruka, ngazi inaingia ndani. Kale ka miaka 3 kakikosa pa kupandia, umekata hatari nusu.

Na sheria ya nyumba. Mtu mmoja kwa wakati. Hakuna kupiga sarakasi ya kichwa chini. Wengine wanahesabu miruko 50 ya mwenzao, kisha zamu inabadilika. Watoto wanazoea haraka ukianza siku ya kwanza. Ukianza baada ya wiki tatu, utaonekana mnoko.

Ndiyo hivyo wadau. Picha kwenye boksi mara nyingi inaonyesha watoto wanne wanaruka pamoja meno nje, halafu onyo la maandishi madogo linasema mmoja mmoja. Maandishi madogo ndiyo yanayosema ukweli. Wanasarakasi aliowaona Nissen walikuwa na wavu, na walikuwa na watu chini wanaowaangalia. Sisi tumechukua wavu. Basi kwenye nyumba yako kuwa yule mtu wa chini, kwa sababu hakuna duka linalomuuza.

Haya, kwenu: kwenye birthday ukikuta watoto kumi juu ya trampolini moja na mwenye nyumba ni mtu unayemheshimu, unamwambiaje bila kuharibu sherehe? Tupia komenti hapo chini tujifunze.